Magunia Yaliyovaa Sare

Juzi mjukuu wangu Neema alinionyesha kwenye simu yake mwanamke mmoja wa nchi za mbali anayefundisha watu kukunja soksi. Amekaa kwenye chumba cheupe kisicho na mtoto, kuku wala mume, anakunja soksi mara tatu, anaisimamisha ndani ya kiboksi, anatabasamu. Neema akaniambia, "Bibi, huyu ndiye mtaalamu wa mpangilio duniani." Nikamjibu mtaalamu wake aje akae nasi Ifakara msimu mmoja wa mavuno, apewe mume mmoja wa huku kwetu, halafu tuone hizo soksi zitasimama wapi.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi nilikuwa mtaalamu, wanangu. Miaka ya tisini karibu yote nilitunza ghala la mpunga nyuma ya mashine ya kukoboa, upande wa kwenda Katindiuka. Msilitafute. Mwenye ghala alishafariki na watoto wake wameligeuza ukumbi wa harusi, na pale mnapokatia keki ndipo nilipokuwa nawawekea paka mabakuli yao. Wakulima walileta magunia yao tuwatunzie mpaka bei ipande, au mpaka sikukuu, au mpaka msimu wa kupanda. Kazi yangu ilikuwa moja: mtu akija, apate gunia lake, si la jirani yake. Mnaona ni kazi ndogo. Jaribuni.

Aliyenifundisha ni Mzee Mponda, mtunza ghala wa kabla yangu, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka ila paka akifanya kosa. Siku yangu ya kwanza nilimkuta amekaa juu ya gunia anatafuna punje za mpunga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tafuna." Akanimiminia punje kiganjani. "Ikikatika kwa mlio, imekauka, pokea. Ikibonyea, mrudishie mwenyewe hata kama ni padri."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Mengine nilipata kidogo kidogo. Magunia yapangwe juu ya magogo, si juu ya sakafu, kwa kuwa sakafu ya Ifakara hunywa maji mvua zikianza. Yasiegemee ukuta, acha nafasi paka apite, maana panya naye anapita hapo hapo na ni vizuri wakutane. Fagia kutoka ndani kwenda mlangoni, si kinyume chake kama wafanyavyo wengi wenu mkiwa na haraka ya kumaliza. Na kubwa kuliko yote alilonifundisha ni hili: "Mahali pa kitu ni pale mkono utakapokwenda wenyewe kukitafuta. Usipange kwa ajili ya macho ya wageni." Nililikubali kwa kichwa. Wanafunzi wote hukubali kwa kichwa.

Na kila gunia lilikuwa na kitambaa. Hiyo ilikuwa desturi ya bonde zima. Mwanamke akishajaza gunia lake, alishona mdomo kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, kisha akafunga kipande cha kanga au kitenge chake kikuukuu pembeni. Ukiwa mtunza ghala ulijua nguo za wanawake wote kuliko waume zao. Maua mekundu ni Mama Kasiani. Mistari ya kijani ni yule mama wa mtaa wa kwenda mtoni asiyeitikia salamu. Hata asiyejua kusoma alikuwa ameandika jina lake, na mimi nililisoma.

Kabla hamjauliza, ndiyo, tulijaribu karatasi. Mwenye ghala alirudi safari ya Morogoro na vibandiko vya karatasi, akasema sasa tunakwenda kisasa. Havikuwa na gundi. Tukavibandika kwa uji mzito wa sembe, vikashika vizuri sana, tukajisifu. Asubuhi tulikuta panya wamekula majina ya watu wote wa Ifakara na kuyaacha magunia. Mzee Mponda alivitazama vipande vilivyobaki, akamtazama paka, akasema, "Huyu hana kosa. Ameona tunawalisha panya, akajua tunawafuga." Tukarudi kwenye vitambaa.

Sasa nyumbani. Nyumbani kwangu kulikuwa na Baba Stela, mume wangu.

Baba Stela alikuwa fundi baiskeli na mkulima, na moyo wake ulikuwa mzuri, Mungu amlaze pema. Lakini vitu! Spoku ndani ya kopo la chumvi. Mnyororo wa baiskeli juu ya picha ya Bikira Maria. Nikimuuliza kitu kiko wapi ananijibu, "Usiguse, najua kilipo." Alijua vitu vyake viliko kama sote tunavyojua Mungu aliko: kila mahali. Na ili ugonjwa huu ukamilike tulikuwa na nyumba mbili, kama familia nyingi za hapa. Ya mjini, na dungu la shambani ng'ambo ya mto, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji yapite chini. Mvua zikianza, nusu ya mji inahamia huko kulima na kulinda mpunga dhidi ya ndege, na baada ya kuvuna inarudi. Kwa hiyo nilichokihitaji mjini kilikuwa shambani, na nilichokihitaji shambani kilikuwa mjini. Mwaka mmoja tulikuwa na nyungo za kutosha kule dunguni na hakuna hata mmoja nyumbani, tukapepetea mchele kwenye sinia la harusi yetu. Mwaka mwingine alipoteza soksi moja ya pea niliyomnunulia ya kwendea kanisani. Moja! Nilimuuliza mtu anapotezaje soksi moja, ina maana alirudi nyumbani mguu mmoja ukiwa na adabu na mwingine hauna? Akanijibu lile jibu lake jingine la siku zote. Iko mahali.

Nilikuwa natoka kwenye nyumba hiyo asubuhi, nafungua mlango wa ghala, naona safu zangu zimenyooka, nashusha pumzi. Nawaambia kweli, nililipenda lile ghala kuliko nyumba yangu.

Basi ukaja mwaka wa kitenge cha bluu. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani tuliamua Pasaka ile tuvae sare. Kikachaguliwa kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, tukashona wote kwa fundi mmoja, naye kwa wema wake akatugawia kila mtu mabaki ya kitambaa chake. Tulipendeza mno. Tuliimba vibaya kama kawaida, lakini tulipendeza. Mavuno yalipofika, kila mwanamke akaona ni fahari kufunga gunia lake kwa kile kitambaa kipya. Nani atafunga kanga iliyochakaa wakati ana ndege wa njano?

Mnaona sasa. Mimi sikuona. Nilichoona ni safu nzima ya jumuiya yetu, bluu tupu kutoka mlangoni hadi mwisho, kama wanafunzi wa bweni kwenye mstari wa asubuhi. Mwenye ghala aliingia, akashika kiuno, akasema, "Mama Stela, hapa sasa kuna mpangilio!" Akawa analeta wageni kuangalia. Wageni wakasema hawajaona ghala zuri kama hili. Mzee Mponda, ambaye alishastaafu, alipita siku moja kunisalimia. Alitazama ile safu, akauliza, "Na la Mama Kasiani ni lipi?"

Nikamwonyesha. Akauliza jinsi nilivyojua. Nikamwambia nakumbuka nilipoliweka. Akaguna, akaenda zake kuwasalimia paka.

Katika safu hiyo lilikuwamo gunia la Felista. Felista alikuwa mjane, mdogo kwangu kwa umri, anakaa Katindiuka kwenye nyumba iliyovuja kiasi kwamba mpunga wake aliuamini kwangu zaidi. Gunia lile halikuwa la kula. Lilikuwa mbegu. Mama yake aliteremka nayo kutoka upande wa Mahenge akiwa msichana, na kwa macho ilifanana na mpunga wowote, isipokuwa punje ilikuwa na ncha nyeusi kidogo. Lakini shamba la Felista lilikuwa bondeni kabisa, maji ya mto yanapolala, na mpunga mwingine wowote uliozea pale. Huo wa mama yake ulisimama ndani ya maji mpaka kiunoni na ukazaa. Na ukipikwa, jirani anapita kusalimia bila sababu. Mama mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alimwachia Felista shamba lenye maji na mbegu inayoyaweza. Kingine hakuwa nacho.

Ikafika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na wanawake wa jumuiya tuliandaa chakula. Prisca, mweka hazina wetu, mama mkarimu na mwenye sauti, akajitolea mchele. Alikuwa na magunia yake kwenye safu ile ile. Wiki hiyo makuli walikuwa wameyasogeza yote ili tufagie kwa ajili ya wageni wengine wa mwenye ghala, kwa hiyo kumbukumbu yangu ya nilipoliweka la nani ilikuwa imefagiwa nayo. Prisca akamwelekeza kuli: chukua mojawapo ya hayo ya bluu, ni yangu. Lilikuwa la bluu. Likaenda mashine, likamiminwa, likatoka mchele, na hakuna aliyetazama ncha za punje.

Wali ule, wanangu! Sijala tena wali wa sikukuu wa namna hiyo. Watu walinyamaza wakila, jambo ambalo jumuiya yetu haijawahi kulifanya kanisani. Felista alikaa karibu nami. Alikula, akasimama, akaenda kuongezewa, akaomba na ukoko.

"Dada Prisca," alisema, "wali huu mmeupika na nini? Una harufu ya kwa mama."

Prisca alicheka kwa furaha. "Ni mikono, mdogo wangu, wala si mchele! Siri ni kupalia mkaa juu ya mfuniko."

Felista akasema atajaribu hiyo ya mkaa.

Mvua za kwanza zilipoanza kunukia, alikuja ghalani kuchukua mbegu yake. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye gunia. Nilikuwa na uhakika wote wa mtu anayesifiwa. Alikata uzi, akachota punje, akazisogeza kwenye mwanga wa mlango, akatafuna moja.

"Dada, huu si wa kwangu."

"Ni wako. Kitambaa chako hiki hapa."

"Kitambaa ni chetu sote, dada."

Tulifungua la pili na la tatu. Kisha nikatuma mtu awaite wenye magunia yote yaliyobaki, wakaja, na ukumbi wenu wa harusi siku hiyo ulikuwa na wanawake waliovaa bluu wakichungulia midomo ya magunia ya bluu, kila mmoja akiapa kuwa lake analijua. Hakuna aliyelijua. Punje yenye ncha nyeusi haikuonekana. Prisca ndiye aliyenyamaza kwanza, na Prisca akinyamaza ujue pana jambo. Alimtazama Felista, akafunika mdomo kwa upindo wa kitenge.

Felista aliketi chini, sakafuni, sehemu ambayo nimesema haifai hata kwa gunia. Akasema taratibu, "Kumbe nilimla mama. Na nikaomba kuongezewa."

Hapo hapakuwa na wa kucheka, na hata leo nikiandika sicheki. Prisca alilia kwa sauti, akamwambia achukue magunia yake yote. Felista akamjibu bila hasira, na afadhali angekasirika, "Dada, yako yataoza kwa maji. Nitayapanda wapi?" Alijifunga kanga vizuri, akaniaga, akaondoka. Safu yangu ilibaki imenyooka vilevile. Niliichukia.

Nilifika nyumbani nikamsimulia mume wangu huku nikitafuta mwiko, ambao bila shaka ulikuwa shambani. Sikutaka ushauri wake. Nani anamwomba ushauri wa mpangilio mtu anayetunza spoku kwenye chumvi? Nilitaka tu mtu wa kunisikia. Alisikia mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Mpunga wa yule bibi wa Mahenge?" akauliza. "Wenye ncha?"

"Huo huo."

"Mbona upo."

"Upo wapi?"

"Upo mahali."

Nilitaka kumpiga na kitu, lakini katika nyumba ile hata cha kumpigia ningekitafuta mpaka kesho. Akajieleza. Msimu ule wa kabla bibi hajafariki, alimtengenezea mjukuu wake baiskeli, na bibi akataka kumshukuru kwa mbegu kidogo, kitu ambacho kwa kawaida hakumpa mtu nje ya familia. Baba Stela hakuwa na cha kuwekea. Akaomba asubiriwe kidogo, akavua kiatu, akavua soksi.

"Ukaweka mbegu ya watu kwenye soksi ya kanisani?"

"Ilikuwa safi. Bibi mwenyewe alicheka, akaifunga fundo."

"Na kwa nini hukuipanda?"

Akanitazama kwa mshangao wa mtu mwema. "Nilisahau."

Asubuhi nilimpitia Felista, tukavuka mto kwa mtumbwi sote watatu, tukatembea hadi dunguni. Sikumwambia Felista lolote la kumpa matumaini, kwa kuwa nilimjua mume wangu. Tulipanda ngazi. Wanangu, siwezi kuwaeleza kilichokuwa mle. Nilikuta nyungo. Nilikuta mwiko wangu, kitabu changu cha nyimbo, mfuniko wa sufuria niliomsingizia jirani kuwa ameuiba, na madaftari ya Stela ya darasa la pili, naye alikuwa la tano. Tulitoa, tukatoa, Baba Stela amesimama katikati akisema, "Msivuruge, najua kilipo." Felista alianza kukata tamaa, nilimwona akitazama mto kupitia upenyo wa ukuta.

Kisha mume wangu akainua mkono juu ya mafiga. Hakutazama. Mkono ulikwenda wenyewe, ukapapasa katikati ya makuti yaliyojaa masizi, ukashuka na kitu cheusi chenye umbo la mguu.

Moshi wa jiko ulikuwa umeikausha na kufukuza kila mdudu, panya hawakuifikia. Felista alifungua fundo la mama yake kwa meno. Akamimina kiganjani, akasogea mlangoni penye mwanga. Ncha zilikuwa nyeusi. Alimpigia magoti Baba Stela, naye akaona aibu, akaanza kutafuta pampu ya baiskeli ambayo hakuna aliyeihitaji.

Bado hatukujua kama ina uhai. Felista aliloweka punje chache, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, na kitambaa alichokuwa nacho mkononi kilikuwa cha ndege wa njano, kwa hiyo angalau kilifanya kazi moja ya maana. Siku zile za kusubiri sikuweza kupanga kitu. Mara asubuhi moja akaja mbio ghalani, akanifunulia kitambaa mbele ya mwenye ghala na wageni wake. Punje zilikuwa zimetoa vijimizizi vyeupe. Nilimkumbatia, tukalia, na wageni wakatoka nje wakidhani kuna msiba.

Soksi moja haijazi shamba. Ilitosha kitalu kidogo, kitalu kikatoa miche ya majaruba machache ya mpunga, na mwaka huo Felista alikula kwa magunia ya Prisca. Misimu iliyofuata alirudi kwenye maji yake yote. Mashamba ya kule bondeni mnayoyaona leo mkienda kupiga picha yametoka kwenye mguu wa Baba Stela.

Ghalani niliwakataza wanawake kufunga kitambaa cha sare. Nikaongeza na hili, lishikeni hata kama mnatunza mafaili na si mpunga: alama moja nje, nyingine ndani. Kila mmoja alichomeka chake katikati ya mpunga kabla ya kushona, huyu bunzi la hindi, yule kokwa la embe, Prisca kijiko. Ghala likawa na rangi za kila namna, mwenye ghala akasikitika, wageni wakaacha kuja. Mzee Mponda alipopita aliangalia, akaketi juu ya gunia la Mama Kasiani bila kuuliza ni la nani, akaomba chai.

Na msidhani nilimwacha Baba Stela avuruge nyumba yangu baada ya hapo. Nilimgombeza mpaka mwisho. Kilichobadilika ni kwamba aliposema iko mahali, nilikosa jibu, na yeye alijua, na alitumia nafasi hiyo vibaya kwa miaka yote iliyobaki.

Jana Neema aliamua kunipangia kabati kama yule mwanamke wa kwenye simu. Nikamwachia, mtoto ana moyo. Akafika kwenye droo ya chini, akaitoa ile soksi, nyeusi kwa moshi hadi leo, akaishika kwa vidole viwili.

"Bibi, hii nitupe? Haina mwenzake."

Nikamwambia airudishe. Mwenzake yupo. Nilimvisha babu yake kwa mikono yangu siku tulipomzika, mguu wa kulia, wa kushoto nikauacha hivyo hivyo, na mashemeji zangu wakanong'ona kwamba Mama Stela amechanganyikiwa kwa uchungu. Sikuwa nimechanganyikiwa. Moja iko droo ya chini, nyingine iko naye, na tangu niolewe hiyo ndiyo mara ya kwanza kujua vitu vya mwanamume yule viko wapi.